Mliopungukiwa damu au vitamini, wewe au mtoto, tupeane uzoefu

Mama Kijacho
Habari za humu. Nina mimba ya wiki 26. Jana kliniki wamenitoboa kidole, damu 8.2. Nesi akaniuliza, "Unakula udongo wewe?" Nikaruka kimanga, na pemba, ule udongo wa kutafuna, vijiti vinne vimo kwenye pochi mapajani! Sasa mbona nakula nashiba? Wali, ugali, chipsi, sijawahi kulala njaa. Mliopitia haya mlifanyaje?

Kisamvu cha Nazi
Pole mdogo wangu. Mimi mvua ikinyesha, ile harufu ya vumbi ilikuwa inanisimamisha njiani. Damu ikashuka mpaka 6, nikaongezewa chupa mbili. Na udongo wenyewe unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, kwa hiyo unavyozidi kula ndivyo unavyozidi kujimaliza. Damu ilipopanda, hamu ikakata yenyewe. Wala sikupambana nayo.

Binti Makame
Mie fefo, vile vidonge vya kuongeza damu, nilizitupa chooni. Zinachefua, halafu choo cheusi kama lami, nikajua naoza ndani kwa ndani. Hakuna aliyeniambia kuwa ni kawaida. Mama mkwe ndiye aliyenishtua: meza usiku ukienda kulala, shushia na maji ya limao au chungwa, chai iweke mbali. Kumbe siku zote nilikuwa nazimezea chai ya rangi, na chai inaharibu kazi ya chuma.

Baba Shani
Wanaume turuhusiwe. Mwanangu wa miaka miwili, jua likizama tu anapapasa ukuta, anajikwaa kwenye stuli. Bibi yake akasema karogwa. Uji wa sembe mweupe asubuhi, mweupe jioni. Daktari akafungua kadi: matone ya vitamini A hajapata hata mara moja. Yakitolewa Juni tulikuwa shambani, Desemba safarini. Akapewa kile kidonge chekundu, wanakata ncha kwa mkasi wanamkamulia mdomoni (cha bluu ni cha wa miezi 6 mpaka 11). Kesho yake tena, na baada ya wiki mbili tena. Haikupita wiki nikamkuta gizani anakimbiza kuku. Siku hizi ni viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, na mchicha wenye mafuta, maana vitamini A bila mafuta haifyonzwi vizuri.

Dawa Muhimu
Chuma ni madini, si vitamini. Ila kwenye fefo kuna na foliki asidi, hiyo ni vitamini B9, inasaidia uti wa mgongo wa mtoto ufunge vizuri. Shida tunaanza kliniki mimba ina miezi minne, mitano, wakati huo uti unafunga ndani ya wiki 4 tangu mimba itungwe.

Mama Jeri
@Dawa Muhimu umenigusa kidonda. Wangu alizaliwa na mgongo wazi, akafanyiwa upasuaji ana siku tatu. Anatembea, ila mguu mmoja anauburuta. Mimba ya pili daktari alinianzishia foliki asidi ya miligramu 5 miezi mitatu kabla hata sijashika. Huyu yuko salama.

Mama Kijacho
Nimesoma zote. Limao nimenunua. Pemba, sidanganyi, kimebaki kijiti kimoja. @Binti Makame, hivi kule kuchefuka kuliisha baada ya siku ngapi?