Mrejesho: Ile miche mirefu ya nyanya

Wakuu, wiki kadhaa zilizopita niliuliza kama miche mirefu ya nyanya ndiyo yenye nguvu, maana nilikuwa tayari kung'oa mifupi yote kitaluni. Asanteni sana mlionizuia.

Nilipanda 10 mirefu na 10 mifupi yenye shina nene, tuta moja, nikaifunga nyuzi za rangi tofauti. Kumbe mirefu ilikuwa imejivuta kutafuta mwanga tu: shina jembamba, majani yamepauka, jani moja liko mbali na lingine. Upepo wa kwanza ulivunja minne. Mifupi ilisinyaa siku moja, ikainuka, na ndiyo iliyotangulia kutoa maua.

Kilichonifungua macho zaidi ni mizizi. Mche mfupi ulitoka kwenye trei na udongo wake wote, mizizi myeupe imeushika kila upande. Kwa mrefu udongo ulimwagika wote. Sasa naangalia huko kwanza, halafu shina, kisha kama yale majani mawili ya mwanzo bado ni ya kijani.

Aliyenishauri niizike mirefu iliyobaki hadi karibu na majani ya juu, Mungu akubariki. Yote sita imetoa mizizi kwenye shina na imesimama, ingawa imechelewa. Nyanya huvumilia hilo. Vitunguu msivizike hivyo.

Trei mpya nimeziweka penye mwanga tangu mbegu zilipochomoza. Nauliza tena: miche iliyoota siku tano nyuma ya mingine, mnaitupa au mnaisubiri?