Adobe Reader kwenye Debian 12: pakiti imeingia lakini haifunguki

kalamu_kavu:

Habari wakuu. Kuna ofisi imenitumia fomu ya PDF niijaze na kuirudisha. Natumia Debian 12 yenye GNOME, mashine ya biti 64. Nikiifungua kwa Evince, kisomaji kilichokuja na mfumo, napata ukurasa mmoja tu wenye maneno ya Kiingereza kwamba nisubiri, na yasipobadilika basi programu yangu haiwezi kuonyesha hati ya aina hii. Nimesubiri, hakibadiliki kitu.

Ukurasa huohuo unanishauri nipate Adobe Reader ya karibuni. Kwenye tovuti ya Adobe sioni ya Linux, ila kuna tovuti moja ya kupakulia nimekuta faili la AdbeRdr9.5.5-1_i386linux_enu.deb. Nikajaribu dpkg -i, ikakataa kwamba pakiti ni ya i386 (biti 32) na mfumo wangu ni amd64 (biti 64). Nikafanya hivi:

`sudo dpkg --add-architecture i386`
`sudo apt update`

Kisha dpkg -i tena, na apt -f install ikavuta maktaba kibao. Sasa imeingia, lakini nikiita acroread, amri ya kuifungua Reader, inalalamika kwamba haioni libxml2.so.2. Cha ajabu, libxml2 ninayo! Nimeitafuta na nimeiona. Nifanyeje?

dogo_wa_sheli:

sudo apt install libxml2:i386 halafu ifungue tena. Kazi kwisha.

bi_terminali:

Jibu la dogo hapo juu ni sahihi, na bado nakuomba usilifuate. Nianze na usahihi wake.

libxml2 uliyoiona ni ya biti 64. Reader hiyo ni ya biti 32 na haiwezi kuipakia, kwa hiyo inairuka na kuendelea kutafuta. Isipopata nyingine inakuambia haipo. Haitakuambia "ipo ila si saizi yangu", ndiyo maana watu huhangaika. Ukiweka ya :i386 huenda ikadai nyingine tena. Za kukosekana unazipata kwa mkupuo kwa ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazitegemea:

`ldd /opt/Adobe/Reader9/Reader/intellinux/bin/acroread | grep "not found"`

Uandike njia hiyo ndefu vilevile ilivyo. Ile acroread iliyo ndani ya /opt/Adobe/Reader9/bin ni hati ya sheli tu, ldd haina la kusema juu yake.

Sasa kwa nini sitaki uendelee. Toleo la 9.5.5 lilitoka Mei 2013, na Juni mwaka huohuo Adobe wakaacha kuihudumia Reader 9 yote. Linux haijapata toleo jingine tangu hapo. Kila tundu la usalama lililogunduliwa baadaye kwenye familia hiyo, lako halijazibwa, na wewe unataka kulifungulia mafaili yanayokuja kwa barua pepe. Isitoshe, umelitoa wapi? Pakiti ya .deb inabeba hati zake za kusakinishia, na ukishaandika nywila ya sudo zinaendeshwa kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo. Aliyeipandisha kwenye tovuti ile angeweza kuongeza chochote humo. Hata ukitaka kuchungulia tu, tumia `dpkg-deb -e faili.deb folda` usome postinst (hati inayoendeshwa baada ya kusakinisha) kabla hujaikaribisha ndani. Mimi hata kwa kuchungulia nisingejisumbua.

Na hakuna aliyeuliza swali la msingi: faili lako ni la namna gani? Weka poppler-utils, kisha:

`pdfinfo fomu.pdf`

Tafuta mstari wa Form. Ukisema AcroForm, ni fomu ya kawaida, na Evince au Okular (kisomaji kingine cha PDF) zinaijaza vizuri. Ukisema XFA, basi umepata mchawi wako. XFA ni fomu iliyoandikwa kwa XML na kufichwa ndani ya ganda la PDF; ule ukurasa wa "subiri" ndio ganda lenyewe, PDF pekee iliyomo. Kisomaji kisichojua XFA hakioni kingine. Teknolojia hiyo imetangazwa kuwa ya kuachwa katika kiwango cha PDF 2.0 cha mwaka 2017, lakini maofisi hayana haraka.

Kisomaji cha XFA unacho tayari. Firefox inazifungua tangu toleo la 93, la Oktoba 2021, na Debian 12 inakuja na Firefox ESR (toleo la kuhudumiwa muda mrefu) mpya kuliko hapo. Buruta faili uliangushe kwenye kivinjari.

kalamu_kavu:

Shikamoo bi. Ni XFA kweli, na Firefox imeifungua, hata orodha za kuchagua zinafanya kazi. Nimejaza na kuhifadhi. Tatizo jipya: wanataka saini ya kidijitali, na Okular nikiipa faili lililojazwa inanirudisha kwenye ukurasa uleule wa kusubiri.

bi_terminali:

Marahaba mwanangu. Ni kwa sababu Firefox imehifadhi majibu yako ndani ya XFA ileile. Chapisha kutoka Firefox kwenda faili la PDF. Hapo inakuwa kurasa za kawaida, na Okular itakubali kuzisaini. Cheti chako cha saini kiingize Firefox kwanza, maana Okular kwa kawaida huchungulia hazina ya vyeti ya Firefox.

Lakini waulize kwanza wanaopokea. Ukichapisha, visanduku vya fomu vinakufa, yanabaki maandishi tu. Kama mfumo wao unavuna majibu kutoka kwenye fomu yenyewe, watakurudishia.

pakiti_mbovu:

Niongezee kwa wenzetu wa Ubuntu: Firefox yenu huja kama snap (pakiti inayojitegemea, yenye folda zake), kwa hiyo wasifu wake uko chini ya ~/snap/firefox/common/.mozilla/firefox. Okular isipoona cheti, nenda kwenye mipangilio yake ya PDF uielekeze huko kwa mkono.

kalamu_kavu:

Wamekubali iliyochapishwa. Hii Reader sasa naiondoaje?

bi_terminali:

Tafuta kwanza jina kamili la pakiti kwa `dpkg -l | grep -i reader`, kisha uliweke mahali pa JINA:

`sudo apt purge JINA`
`sudo apt autoremove --purge`

Soma orodha kabla ya kukubali. Halafu `dpkg -l | grep :i386`. Kama haijabaki hata moja, maliza na `sudo dpkg --remove-architecture i386`. Kama una Steam au Wine, iache i386 ilivyo, wanaihitaji hao.