Nna kamera ndogo, picha za mandhari ya Tanga zinatoka mbovu. Niuze nitafute kubwa au tatizo ni mimi?

MtotoWaMakorora

Wakuu heshima kwenu, na kina dada pia. Mi ni msomaji wa kimyakimya humu ila leo nimeona nifungue uzi maana nimeshachanganyikiwa. Nna Sony RX100 ile ya tatu, niliichukua imetumika kwa jamaa mmoja Kariakoo, safi tu haina mkwaruzo. Lengo langu nizunguke mkoa wetu huu nipige mandhari, Tongoni, Pangani, Maziwe, mapango ya Amboni, Mungu akijalia nipande mpaka Lushoto, yani mtu akiziona aseme kumbe Tanga iko hivi.

Sasa nikizifungua kwenye laptopu ni majonzi. Anga jeupe kama limepakwa chokaa, bahari ya kijivu, minazi imekuwa kiza tupu, alafu ukikuza kidogo hata majani hayana ukali. Natoka saa tano saa sita hivi mwenzangu akishanipokea dukani, kamera naweka f 11 (namba ya tundu la lenzi) kama video za YouTube zinavyoelekeza kwa mandhari, ISO 125 (wepesi wa kunasa mwanga).

Kuna rafiki yangu ananiambia hizo ndogo ni za kupigia bethdei, uza ongezea hela uchukue kubwa ya kubadilisha lenzi. Mteja nimeshampata. Nishaurini kabla sijapokea hela ya watu.

SimuTosha

Uza, na hiyo kubwa usinunue. Chukua simu nzuri, simu za leo zinaunganisha picha kadhaa zenyewe, anga halichomeki na minazi inaonekana, unaposti hapohapo. Kamera mbili tatu mfukoni za nini kaka.

Kaskazi_Kavu

Mkuu mrudishie mteja wako namba yake, usiuze. Hiyo kamera mi nimeitumia miaka na ndiyo naisafiria mpaka leo, hiyo kubwa ipo ndani kabatini inasubiri harusi.

Tuanze na f 11. Wanaofundisha f 11 wanafundisha watu wenye sensa kubwa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), ya kwako ni ile wanayoiita ya inchi moja, kwenye hiyo kamera f 11 ndo mwisho wa tundu, linakuwa dogo kiasi kwamba mwanga ukipita unatawanyika na picha nzima inalainika. Hapo ndo ukali wa majani ulipopotelea. Weka f 4, mwisho kabisa 5.6. Najua utauliza je, mbele na nyuma vyote vitakuwa na fokasi? Vitakuwa. Lenzi yako ikiwa haijavutwa zumu, pale kwenye milimita 24, ukifokasi kitu kilicho mita mbili hivi kwa f 4 basi kuanzia karibu mita moja mpaka upeo wa macho kila kitu kimekaa. Mwenye kamera ya sensa kubwa ndo anahitaji hiyo f 11 apate kina hichohicho. Yani udogo wa sensa hapa unakubeba wewe, tena unabaki na spidi ya kupiga kwa mkono bila tripodi.

Anga jeupe ni sababu kamera inatazama minazi na vivuli inaona kiza inaongeza mwanga. Wewe punguza, ile ya plus na minus peleka minus moja ukiwa na anga kubwa kwenye fremu, alafu piga RAW, yani faili ghafi, vivuli utavipandisha baadae kwenye Lightroom au programu yoyote ile. Anga likishaungua limeungua, hakuna fundi wa kulirudisha. Washa na zile mistarimistari za zebra, zikianza kucheza mawinguni ujue umezidisha.

Ila hayo yote ni madogo. Kubwa ni saa tano. Sisi tupo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, jua likitoka linapanda wima, saa mbili na nusu asubuhi mwanga mzuri umeshakwisha. Na pwani yetu inatazama mashariki, jua linazaliwa baharini na linazama bara. Wanaokuonyesha jua likizama majini kwenye video wapo pwani nyingine. Kwahiyo Tongoni, Pangani, Kigombe, zote hizo ni za alfajiri, uwe umeshafika kabla ya saa kumi na mbili. Mchana lala.

ShogaWaNgamiani

Jamani Kaskazi umemaliza darasa zima na chai juu. Mi naongezea tu kaka Makorora, ukienda hizo alfajiri ufukweni utakuta wavuvi wanarudi na kina mama wanangoja samaki, usianze kupiga tu kisa kamera yako ndogo haionekani. Salimia kwanza, nunua hata samaki wa elfu mbili, omba. Mi mama yangu aliwahi kukuta picha yake kwenye ukurasa wa watu anaparua samaki khanga imemshuka, alilia. Na pale mjini usielekeze lenzi bandarini, wala kituo cha polisi wala kambi, utajieleza mpaka jioni.

SimuTosha

Mnamwambia mtu wa duka aamke saa kumi usiku kisa kamera haiwezi mchana. Simu inapiga mchana.

Kaskazi_Kavu

Simu inapiga mchana ndio, na inakupa picha ya mchana. Hiyo nyama ya mwanga haiongezwi na programu. Na simu nyingi ukivuta zumu inakata tu picha, huyu ana 24 mpaka 70 ya kioo kabisa.

NahodhaMstaafu

Vijana nawasoma. Mimi kamera sijui ila bahari naijua, na naona mnampeleka mtoto alfajiri bila kumwambia maji.

Sikiliza mjukuu wangu. Bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huku kwetu maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na yanakupwa kabisa saa nne asubuhi hivi, tena yanatoka mbali unaweza kutembea mpaka kwenye matumbawe. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, inageuka, yanakupwa alfajiri na kujaa saa nne, lakini hayatoki sana wala hayajai sana. Sasa we unataka nini? Ukitaka mchanga uliolowa unaong'aa wakati jua linatoka, nenda siku za maji mafu, au siku mbili tatu baada yake, jua linapotoka maji yapo chini. Ukitaka mawimbi yanagonga ukingo wa Tongoni karibu na mikoko, nenda bamvua uwahi, kabla hayajavutwa. Usiende tu kisa umeamka.

Na hapo Tongoni uwe na adabu na bahari. Vasco da Gama mwenyewe mwaka 1498 meli yake ya São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya upande huo, na 1499 akirudi kutoka Hindi akaichoma hukohuko, mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote.

Jingine, hili la mchana lala silikubali. Maziwe ni fungu la mchanga, maji yakijaa linazama lote, zamani lilikuwa na miti na kasa wakipanda kutaga, siku hizi mchanga mtupu. Unafika pale maji yakipwa, na siku nzuri ni bamvua, maana yake ni saa tatu mpaka saa tano asubuhi. Hiyo alfajiri yenu mtapiga picha ya nini, fungu liko chini.

Fundi_Lenzi

Shikamoo mzee. Nahodha kasema kweli na hata kwa upande wa kamera yuko sahihi, rangi ile ya feruzi ya maji mafupi inataka jua la juu lishuke mpaka kwenye mchanga chini lirudi. Alfajiri maji yote ni kioo cha anga huoni rangi. Kaskazi nakuheshimu ila hapo umezidisha kaka.

Kwa Maziwe tafuta filta ya polaraiza, kioo cha kukata mng'ao. RX100 haina uzi wa kufunga filta mbele, kuna ringi za kubandika na gundi alafu filta inashika kwa sumaku, zinaagizwa mtandaoni. Ukikosa, chukua miwani ya jua ambayo ni polaraizi kweli, shika kioo mbele ya lenzi zungusha taratibu uone mng'ao wa maji unapotea, matumbawe yanatokea. Nimeshafanya na picha imetoka ya kalenda. Angalizo, asubuhi au jioni kwenye 24 polaraiza inafanya anga liwe na doa jeusi upande mmoja, jua likiwa utosini hiyo shida inapungua sana.

Alafu usalama wa kifaa, maana mi ndo nazifungua hizi. Lenzi inayotoka na kuingia ni mdomo wa kumeza mchanga. Usiizime haraka upepo wa kaskazi ukiwa unarusha mchanga, kwanza puliza na kipulizio cha mpira (sio mdomo, mate yana chumvi na unyevu), futa bomba la lenzi, ndo uzime. Ukisikia inakwaruza krrr usiilazimishe. Vumbi likiingia mpaka kwenye sensa hakuna kufungua mbele ukafuta kama kamera kubwa, ni kubomoa kamera nzima, na gharama yake utaninunia. Dalili yake ni vidoadoa angani kwenye f 11, kwahiyo f 4 ya Kaskazi inakuficha na hapo. Beba mfuko wa plastiki wa kufunga na vile vipakti vya kunyonya unyevu vya kwenye boksi la viatu. Ukitoka chumba cha AC iache ndani ya mfuko mpaka ipate joto la nje, la sivyo ukungu mpaka ndani ya kioo.

MtotoWaMakorora

Daah nimesoma yote mara mbili. Mzee Nahodha shikamoo na asante sana, hayo ya maji hakuna video iliyowahi kuniambia. Kaskazi swali, kwenye menyu nimekuta kitu kimeandikwa ND, ni nini? Na Amboni ndani ya mapango si nitahitaji flashi?

Kaskazi_Kavu

Fundi na mzee nimekubali, Maziwe ni mchana, ila hapo tu.

ND ni miwani ya jua ya ndani kwa ndani, inapunguza mwanga mpaka thumni, moja ya nane, ukitaka maji yalainike dakika zile jua halijatoka weka ND, f 8 kwa dharura, kamera juu ya jiwe au kitripodi kidogo, ukiwa na bahati unapata sekunde nzima. Taima ya sekunde mbili ili kidole kisiitikise.

Amboni zima flashi. Flashi inaangaza ukuta ulio mbele yako nyuma kunabaki shimo, na popo wa watu wanavurugika. Weka tripodi, ISO 125, f 4, sekunde 15, ile ya kuzuia mtikisiko izime, fokasi ukiwa umemulika tochi kisha funga. Shata ikifunguka mwambie muongozaji apitishe tochi kwenye kuta taratibu kutokea pembeni, asisimame sehemu moja. Mawe ya chokaa yanatokeza mikunjo yote. Waongozaji wa pale wakiona picha ya kwanza kwenye skrini wanaanza wenyewe kukupangia.

Mshambaa_wa_Juu

Akipanda kwetu Lushoto asilete hizo alfajiri zenu Irente, ule mwamba wa kutazamia. Irente inatazama chini tambarare upande wa machweo, asubuhi mwamba uko kivulini na bonde mara nyingi ukungu. Njoo jioni. Na usiiache lenzi bila kuvuta zumu jamani, kila mgeni anapiga 24 alafu analalamika milima imekuwa vichuguu. Vuta mpaka 70 chagua kipande kimoja, matuta yakipandana moja nyuma ya lingine kila moja limepauka kuliko la mbele yake, hapo ndo Usambara. Siku nzuri ni baada ya mvua kuosha vumbi, kiangazi tambarare yote ni moshi. Lete koti.

MtotoWaMakorora

Wakuu mrejesho. Mteja nimemwambia kamera haiuzwi, kanuna kidogo. Jumapili nilimuomba mwenzangu anishikie duka nikaenda Pangani, nikalala kwa shangazi, alfajiri nikavuka na kivuko cha kwanza Bweni nikapanda kile kilima. F 4, minus moja, RAW. Mji wote wa Pangani upo ng'ambo, mwanga unakuja kutokea mkono wa kulia unapita juu ya mabati na mdomo wa mto, anga lina rangi. Nyingine zimetikisika, ila kuna moja shangazi kasema nimwoshee aweke sebuleni. Naiweka hapa kesho nikipata bando, WhatsApp inazikata ukali.

Sasa nataka Maziwe. Boti peke yangu sitaiweza, kuna anayekwenda bamvua ijayo tuchange?

ShogaWaNgamiani

Mimi na mdogo wangu tunakuja ila naomba boti yenye maboya ya kuvaa, na mtuambie kiingilio cha hifadhi mapema msituletee suprais kule.

NahodhaMstaafu

Marhaba. Ada ya hifadhi inalipwa, muulize mwenye boti kabla ya kukubaliana bei, kama ameijumlisha. Siku ya mwezi mpevu yenyewe msiende, nendeni siku moja au mbili baada yake, ndo maji yanatoka zaidi. Muondoke mapema maji yakiwa yanatoka, mkifika fungu linaanza kuonekana. Na akisema nahodha turudi, mrudi, kusi ikishaanza kuvuma mchana ule mwendo wa kurudi mnalowa wote na hiyo kamera yenu.

Fundi_Lenzi

Mfuko wa plastiki Makorora. Miwili.