Hivi nani kawadanganya kwamba "metali ni metali"? Nimelipa 15,000 nimejaziwa takataka

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa nimeegesha Horohoro mpakani nasubiri karatasi za mzigo, na hasira niliyonayo ni ya tangu alfajiri.

Ni hivi. Naendesha Fuso, Tanga kwenda Horohoro, mara mojamoja Lushoto. Bando linaisha hata hujafika Mabokweni na mtandao wenyewe njiani unakuja na kuondoka, kwa hiyo muziki wangu naubeba kwenye flashi. Ile ya zamani ilikufa wiki iliyopita na kila kilichokuwamo. Nikaenda kwenye kibanda kimoja cha kuingiza nyimbo kule Ngamiani, nikamkuta kijana ana kompyuta mbili na foleni ya watu wanaotaka singeli. Nikamweleza taratibu. Nikamwandikia na karatasi: folda nne za metali, ile roki nzito ya magitaa, kila folda aina yake, THRASH, DEATH, BLACK, DOOM, kila moja albamu tano kamili, nyimbo zisichanganywe. Flashi ya GB 32 pamoja na kazi yake, 15,000. Nikalipa yote palepale. "Poa kaka, pitia saa kumi."

Leo nimeichomeka kwenye redio ya gari nikiwa Amboni. Folda ya BLACK: ya kwanza Black Sabbath ya 1970. Ya pili Metallica ya 1991, ile yenye jalada jeusi. Ya tatu Venom, Black Metal. Mnaona alichofanya? Katafuta neno "black" akamwaga kila kilichojitokeza. DEATH ina hip hop mle ndani, kazi za lebo ya Death Row ya Marekani, kwa mtindo uleule. DOOM imejaa roki za mapenzi, mtu analia kaachwa, eti kwa kuwa nilimwambia duumu inakwenda polepole. THRASH inaanza na ileile Metallica ya 1991, kairudia.

Nikampigia simu. Jibu lake ndilo lililonileta hapa: "Kaka, metali ni metali, zote makelele, we sikiliza tu."

Na si yeye peke yake. Kuna watu wazima ninaowaheshimu wananiambia wanaobishania majina haya ni watu wasio na kazi. Mimi kazi ninayo. Na nawauliza hasa watu wa Tanga: neno hilo sisi tunaweza kulisema kuhusu taarabu? Mji huu ndio uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Hebu kaa kwenye kahawa Ngamiani umwambie mzee kwamba taarabu ya Black Star na ya Ikhwani Safaa ya Unguja ni kitu kimoja, uone kama kikombe chako utakimaliza kwa amani. Atakwambia kule walikuwa na fidla zimekaa safu, kanuni na udi za nyuzi, nai ya kupuliza. Hapa kikundi kidogo, gitaa la umeme na besi vimesogezwa mbele, mdundo wa kuchezeka. Umletee na taarabu ya vinanda na mipasho, atakwambia hiyo ni habari nyingine kabisa. Hakuna anayemwambia mzee huyo hana kazi. Masikio hayohayo ikija metali yanatiwa pamba.

Tofauti zinasikika, jamani. Ziko mikononi mwa wapigaji.

Chukueni duumu. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa kijana wa Birmingham, anafanya kazi kiwanda cha mabati. Akiwa na miaka 17 mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye anapiga kwa kushoto, maana yake vidole hivyo ndivyo vya kubania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko, akavivika vidoleni akaendelea kupiga. Lakini uzi uliokazwa ulikuwa unamtesa, akatafuta nyuzi nyembamba, na walipofika albamu ya Master of Reality, 1971, gitaa na besi zilishalegezwa toni moja na nusu kwenda chini. Uzi uliolegea hautoi mlio, unatoa mburuto. Weka albamu hiyo kwenye spika nzuri uguse mlango wa gari, utausikia kwa kiganja kabla ya sikio. Ndiyo maana nasema duumu mama yake ni hii, wala si ile ya 1970, ingawa ile ya 1970 ndiyo mlango wa metali yote. Candlemass wa Sweden wakaja 1986 na Epicus Doomicus Metallicus, duumu ikasimama kwa miguu yake. Sasa wimbo wa mapenzi unaingiaje humo kwa kuwa tu ni wa taratibu? Utaratibu na uzito ni vitu viwili.

Bleki metali. Jina limetoka kwa Venom wa Newcastle, albamu yao ya 1982, hilo silikatai. Ila isikilizeni: ni roki ya kasi, chafu, kama bendi ya Motörhead iliyotiwa pilipili. Sauti yenyewe, gitaa linalovuma kama nyuki waliochokozwa, ngoma za mbio zisizopumua, kurekodi kukavu kwa makusudi kama mtu anapiga chumba cha pili, hiyo inaanzia kwa Bathory wa Sweden katikati ya miaka ya 80 na kukomaa Norway. Mashairi ya wengi wao siyataki, nayasema wazi, mimi ni Muislamu na nasikiliza mikono yao. Albamu yangu hapo ni A Blaze in the Northern Sky ya Darkthrone, 1992. Na hawa Darkthrone ndio ushahidi wangu mkubwa. Mwaka mmoja nyuma, 1991, walikuwa wametoa Soulside Journey, dethi metali ya wazi kabisa. Wakaiacha, wakahamia bleki. Kama metali ni metali, walihama kutoka wapi kwenda wapi?

Kwenye dethi sitakaa sana. Wako wanaosema albamu ya kuifafanua ni Seven Churches ya Possessed, 1985, wako wa Scream Bloody Gore ya Death, 1987. Hao wote wana hoja ya utangulizi. Mimi nakwenda na Altars of Madness ya Morbid Angel, 1989, kwa sababu ya miguu ya Pete Sandoval kwenye ngoma. Anayepinga aisikilize kwanza.

Thrashi ndiyo inayoniuma zaidi, maana hapo hata wanaojiita wajuzi wanakosea. Metallica ya 1991 si thrashi. Ni albamu nzuri, imeuza mamilioni, ila walimchukua Bob Rock kuisimamia, wakapunguza mwendo, wakafupisha nyimbo, wakasafisha sauti. Walifanya kwa kujua. Ukitaka thrashi yao rudi Kill 'Em All ya 1983 au Master of Puppets ya 1986.

Nina rafiki yangu fundi redio, Chumbageni, miaka sasa tunabishana yeye na Master of Puppets, mimi na Reign in Blood ya Slayer, zote za mwaka huohuo 1986. Nampa haki yake: Master of Puppets ni albamu bora kuliko Reign in Blood. Ni pana, inafunguliwa na gitaa lisilo na umeme, ina Orion ya dakika zaidi ya 8 isiyo na mwimbaji. Lakini albamu bora na albamu inayofafanua aina ya muziki si kitu kimoja, na hapa ndipo ubishi wetu wote unapokwama. Mgeni ukimpa Master of Puppets atawajua Metallica. Ukimpa Reign in Blood ataijua thrashi: nyimbo 10, dakika 29, hakuna pa kupumzikia, gitaa mbili zinakata kama msumeno na Dave Lombardo kwenye ngoma nyuma yake hawaachii. Nikiiwasha natoka Tanga inakwisha sijafika nusu ya njia ya Horohoro, na naianza tena.

Halafu lipo hili la "huo muziki wa wazungu, wewe mtu wa Tanga unaujulia wapi". Botswana ziko bendi za metali, Skinflint na Overthrust, wanapiga na watu wanajaa. Nairobi hapo jirani bendi ya Duma walitoa albamu 2020. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kazaliwa Unguja 1946, na wimbo wao wa 1974, Stone Cold Crazy, ndio Metallica waliourekodi upya wakachukulia tuzo ya Grammy ya 1991 upande wa metali. Basi mtuache.

Sidai pesa. 15,000 si ya kuniua. Ninachodai ni mtu akisema anauza muziki aujue, na asipoujua aseme "kaka, huu siujui, niandikie majina". Ningemwandikia albamu zote 20 kwa furaha, ningekaa naye mpaka usiku. Kuambiwa "zote makelele" na mtu aliyepokea hela yangu ndiko nisikokubali.

Kijana, kama unasoma hapa, Jumamosi nashuka Ngamiani na flashi ileile. Futa kila kitu. Folda ya DOOM anza na Master of Reality, na kabla hujainakili tuiweke kwenye hizo spika zako za singeli tuisikilize wote wawili.