Muhula mmoja Bayreuth: hosteli, nyumba ya kushea au chumba cha muda? Na bima ipi?

Njia_Panda
Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa wanaokwenda Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, kwa muhula wa baridi, 1 Oktoba hadi 31 Machi, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Barua ya chuo ipo, kazi imebaki kwenye kuchagua. Makazi: hosteli ya Studierendenwerk (shirika la huduma za wanafunzi), chumba kwenye nyumba ya kushea (WG), au chumba cha mtu aliyesafiri (Zwischenmiete)? Bima: ya umma au ya kampuni binafsi? Fedha za viza: Sperrkonto (akaunti iliyofungiwa) au mdhamini? Naomba wanaojua waweke namba. "Inategemea" tumeshaisikia sana.

Karani_wa_Zamu
Anza na makazi, mengine yote yananing'inia hapo. Ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, sheria inakutaka ujiandikishe ofisi ya wakazi (Anmeldung). Ofisi haikuandikishi bila karatasi iliyosainiwa na anayekupangisha, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa pango peke yake hautoshi. Usipoandikishwa, namba ya mlipakodi haiji, benki nyingi zinakugomea, na ofisi ya uhamiaji haina pa kuanzia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza kama utaandikishwa hapo.

Hosteli inashinda kwa kipimo hicho. Karatasi inatoka bila ubishi, kitanda na meza vipo, na maji na joto vimo ndani ya bei. Weka euro 250 hadi 400 kwa mwezi kwenye hesabu zako. Ubaya wake ni kwamba mkataba unafuata muhula: vipindi vinaisha Februari, wewe unalipa hadi 31 Machi. Ombi lipelekwe siku ileile unayopata barua ya chuo. Anayesubiri viza kwanza hukuta foleni imemwacha.

Zwischenmiete ni nafuu na chumba kina kila kitu, ila hapa ndipo tangazo huandikwa "Anmeldung nicht möglich", yaani huwezi kujiandikisha. Ukiona maneno hayo, pita. Tena aliyekupangisha ni mpangaji mwenzako, kwa hiyo lazima awe na ruhusa ya mwenye nyumba. Asipokuwa nayo, wote wawili mnaweza kujikuta nje.

Mama_Hesabu
Karani kasema kweli, lakini WG ameiruka. Kwa anayetaka Kijerumani kimkae mdomoni, WG ni bora kuliko hosteli yenye korido ya wageni watupu. Mtihani wake ni kusoma bei. Tangazo linaweza kuonyesha Kaltmiete, pango tupu. Unachotoa mfukoni ni Warmmiete, iliyojumlisha joto na gharama za jengo, na umeme mara nyingi uko pembeni. Muulize kwa maandishi: jumla ya mwezi ni ngapi, na ndani yake kuna nini?

Dhamana ya chumba (depoziti) haiwezi kuzidi Kaltmiete tatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu, moja kila mwezi. Anayedai yote kabla hujaona chumba, tena kwa akaunti ya nchi nyingine, huku akisema funguo zitakuja kwa posta, huyo ni tapeli. Mtindo wao haujabadilika miaka yote: picha nzuri mno, bei ya chini mno, mwenyewe "yuko nje ya nchi".

Halafu neno "unmöbliert". Usidhani ni kukosa kitanda tu, wakati mwingine hata jiko na sinki vimeng'olewa. Kwa miezi sita haifai.

Kuna pia ada ya redio na televisheni, Rundfunkbeitrag, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, hata kama huna televisheni. WG ya watu watatu mnagawana, euro 6.12 kila mmoja. Hosteli ambayo chumba chako kinafunguka kwenye korido ya wote, chumba hicho kinahesabiwa makazi kamili na unalipa yote mwenyewe.

Daftari_la_Dawa
Kwenye bima watu hulinganisha bei wakasahau masharti. Bima ya umma (TK, AOK, Barmer, DAK na wenzao) kwa mwanafunzi ni kama euro 140 hadi 155 kwa mwezi. Zile za binafsi za wanafunzi wageni unaweza kuzipata kwa 30 hadi 40. Kwa miezi sita ni kama 870 dhidi ya 210. Inavutia, najua.

Sasa masharti. Ya umma unaonyesha kadi kwa daktari na humlipi kitu. Duka la dawa unachangia euro 5 hadi 10 kwa dawa ya cheti, na hospitali euro 10 kwa siku ya kulazwa. Ugonjwa uliokuja nao unatibiwa. Ya binafsi mara nyingi unalipa kwanza, unatuma risiti, unasubiri. Nyingi za bei ya chini zinakataa ugonjwa wa zamani, na uzazi na meno zinaviwekea mipaka. Mwenye pumu, selimundu au kisukari asiangalie bei hiyo hata mara moja.

Na ukitaka ya binafsi huwezi kujiamulia tu. Lazima uombe kuondolewa kwenye bima ya umma (Befreiung) ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na ukishaondolewa hurudi muda wote wa masomo hayo. Kwa muhula mmoja si neno. Kwa anayewaza kubaki asome shahada hapohapo, aulize vizuri kabla ya kusaini.

Njia yoyote utakayochagua, chuo hakikuandikishi mpaka shirika la bima ya umma litume taarifa yako kwa mfumo wa kielektroniki (M10). Cheti cha karatasi hakisaidii. Hata mwenye bima binafsi huomba shirika mojawapo la umma litume taarifa kwamba hayumo kwao.

Njia_Panda
Asante daktari. Kwenye kundi kuna mwenye miaka 31, na kuna mama wa mtoto mmoja. Na tukifika katikati ya Septemba kwa kozi ya lugha?

Daftari_la_Dawa
Mimi si daktari, mkuu, mafomu tu. Bei ya mwanafunzi inakoma mwisho wa muhula unaotimiza miaka 30. Wa 31, hata akikubaliwa ya umma kwa hiari, hulipa zaidi ya euro 200 kwa mwezi, hivyo kwake ya binafsi ina maana. Achague yenye kikomo kikubwa cha matibabu na asome ukurasa wa visivyolipiwa.

Mama apeleke cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichotafsiriwa. Asiye na mtoto akishafika miaka 23 hutozwa nyongeza kwenye mchango wa bima ya uangalizi (wa wazee na wagonjwa) unaolipwa pamoja na bima ya afya, kama euro 5 kwa mwezi. Mwenye mtoto hatozwi, lakini asipoonyesha cheti watamhesabu hana.

Septemba: bima ya umma ya mwanafunzi haianzi kabla ya muhula. Bima ya safari uliyokatia viza ifike angalau 30 Septemba. Wengi huikata ya siku saba kisha wanaachwa wazi wiki moja hivi.

Mtu_wa_Eldoret
Upande wa pesa. Sperrkonto ni akaunti iliyofungiwa: unaweka zote, inakuachilia kiasi kila mwezi. Kiwango ni euro 992 kwa mwezi, 11,904 kwa mwaka. Wa miezi sita ni 5,952, lakini hakikisha ubalozi unahesabu miezi mingapi kabla ya kutuma. Mwenye ufadhili ulio chini ya 992 huongeza tofauti peke yake, hana haja ya kufungia yote.

Kinachoharibu ni makato ya njiani. Ukituma 5,952 kamili kutoka Nairobi au Dar, benki za katikati zinakata, inafika pungufu ya euro 20 au 40, na uthibitisho hautoki. Iambie benki gharama zote zibebwe na mtumaji, kisha ongeza 50 hadi 100. Jina la mtumaji na la pasipoti yafuatane herufi kwa herufi.

Mdhamini (Verpflichtungserklärung) inagharimu euro 29 tu, lakini mtu huyo lazima awe anaishi Ujerumani, aende ofisi ya uhamiaji ya mji wake na hati za mshahara. Anabeba wajibu wa gharama zako hadi miaka mitano. Kama ni mjomba wa damu, sawa. Kama ni rafiki wa rafiki, usimtwike mzigo huo.

Pia beba euro 1,200 hivi za kuanzia. Sperrkonto hailipi mpaka ufungue akaunti ya kawaida kule, na huko ni wiki mbili tatu, wakati depoziti na pango la kwanza vinadaiwa siku ya kwanza.

Karani_wa_Zamu
Nakazia, na naongeza: andika jina lako kwenye sanduku la barua siku unayoingia, hata kwa karatasi na gundi. Kadi ya benki, namba ya siri, namba ya mlipakodi, vyote huja kwa posta. Posta asipoona jina anarudisha, hata kama namba ya nyumba ni sahihi.

Fika Jumatatu hadi Jumatano. Msimamizi wa hosteli hutoa funguo saa za kazi tu. Anayetua Ijumaa jioni analala kwingine hadi Jumatatu, na Jumapili maduka yamefungwa. Tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya taifa. Na anayetaka kwenda mapema Agosti ajue kuna tamasha la muziki wa Wagner mwisho wa Julai na Agosti. Vyumba vya wageni mjini hujaa.

Mama_Hesabu
Mizigo, kwa kifupi. Tundu za umeme ni za pini mbili za duara, kwa hiyo wa Kenya, Tanzania na Uganda mbebe adapta moja na waya wa kuongezea wenye matundu manne kutoka nyumbani. Hakuna haja ya adapta nne. Dagaa wakavu wanaruhusiwa, samaki hadi kilo 20. Nyama, samli na maziwa ya unga hapana. Embe na parachichi vinahitaji cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi, nazi na tende vinapita bila cheti.

Njia_Panda
Asanteni sana. Na kutoka, Machi?

Karani_wa_Zamu
Hosteli: soma tarehe ya mwisho kwenye mkataba. Chumba cha mkataba usio na kikomo kinahitaji notisi ya miezi mitatu, kwa karatasi yenye sahihi ya kalamu. Barua pepe haihesabiki.

Kufuta uandikishaji (Abmeldung) kunaruhusiwa kuanzia wiki moja kabla ya kuhama, si mapema zaidi. Karatasi wanayokupa piga nakala nne: shirika la bima, benki, Sperrkonto na ada ya redio. Usipoipeleka, bima inaendelea kudai mchango, na euro 18.36 za kila mwezi zinaendelea kuandikwa kwa jina lako.