Nembo ya unga wa sembe: kwenye simu inapendeza, kwenye kiroba haichapiki

msagaji_moro
Wakuu, habari za kazi. Kiwanda kidogo cha sembe, Morogoro. Nembo ina gunzi la mahindi, jua linalochomoza, milima nyuma, rangi tano zinazofifia moja kuingia nyingine, na jina kwa mwandiko wa kupinda. Faili lililopo ni JPEG, yaani picha ya kawaida. Mchapaji wa viroba vya kilo 25 amelikataa, anataka vekta (mchoro wa mistari na maumbo, usioharibika ukikuzwa) na rangi mbili tu. Je, ni kweli haiwezekani, au anakwepa kazi?

pleti_na_wino
Anakuambia ukweli. Kiroba kimefumwa kwa vipande vya plastiki, uso wake una mabonde. Mstari mwembamba kuliko milimita moja hukatika, na rangi inayofifia hutengenezwa kwa nukta ndogo ambazo hupotea humo humo. Halafu kila rangi ina pleti yake, yaani kibao cha kuchapia, na unailipia. Tano ni pleti tano, na mfuko ukisogea kidogo tu mashineni, kijani na njano vinaachana, katikati panabaki ufa mweupe. Dawa ni kuacha nafasi ya makusudi kati ya rangi, au kuzungushia mstari mnene wa rangi iliyokoza, uufunike ule mwachano.

Njano usiiandikie jina kwenye kiroba cheupe. Mita tatu tu haisomeki.

mchora_nembo
Mkuu, tatizo lako limeanzia kwenye mchoro kabla ya faili. Vitu vitatu ndani ya nembo moja ni vingi. Chagua kimoja. Gunzi limeshatumiwa na wasagaji wengi mno, kwa hiyo mimi ningebakiza milima: Uluguru ni yenu, na ukingo wake unachorwa kwa mstari mmoja. Ukiling'ang'ania gunzi, chora punje kumi na mbili kubwa. Punje sitini zikipunguzwa zinakuwa doa.

Anza kwa nyeusi peke yake. Ichapishe kwa upana wa milimita 15, ishike kwa urefu wa mkono. Jina likisomeka na umbo likitambulika, ndipo uongeze rangi. Isipofaulu kwa nyeusi, rangi haitaiokoa, na mashine ya risiti haina rangi nyingine. Jaribu pia ndani ya duara, maana picha ya WhatsApp hukata pembe. Mwandiko wa kupinda uache: kwenye kofia ya kudarizi, herufi fupi kuliko milimita 5 hujaa uzi, tundu la "e" na "a" linaziba.

Mwombe mchoraji SVG au PDF ya vekta, herufi zikiwa zimegeuzwa kuwa maumbo ili kompyuta ya mchapaji isibadilishe fonti. Ongeza PNG isiyo na usuli, toleo jeusi, toleo jeupe, na namba za rangi za CMYK na Pantone, mifumo ambayo wachapaji hutumia kutaja rangi. Angalizo: kutia JPEG ndani ya PDF hakuifanyi vekta. Ikuze asilimia 800. Ukiona ngazi pembeni, umeuziwa picha.

msagaji_moro
Shukrani sana. Basi milima, kijani kilichokoza na njano. Naweza kuagiza pleti?

alama_za_biashara
Subiri kidogo. Tafuta kwanza BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama kuna alama ya biashara inayofanana katika daraja la 30, kundi la bidhaa ambamo unga umo. Kusajili jina la biashara hakulindi nembo. Alama husajiliwa peke yake, miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar wana usajili wao, ukiuza huko ni ombi jingine. Mchoraji asaini karatasi ya kukuhamishia hakimiliki. Ngao ya taifa usiiguse kabisa, na alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango) iwekewe nafasi yake pembeni, isiunganishwe na nembo.

pleti_na_wino
Na kabla ya kuruhusu mzigo wote, omba kiroba kimoja cha majaribio, kijaze unga, kishone, ndipo ukitazame. Kikijaa kinatuna, na nembo iliyokaa karibu na mshono wa pembeni inazama ubavuni.