Tumelipa laki nane na nusu kulala Saadani, fisi akaja kunusa hema la wanangu

Wakuu, salaam. Nimejizuia siku tisa nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijatoka, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Mimi ni mkazi wa Tanga mjini. Likizo hii nilitaka wanangu waione Saadani. Naona vibaya mtoto wa Tanga aijue Serengeti kwa televisheni tu, wakati hifadhi ambayo pori lake linashuka mpaka Bahari ya Hindi iko hapa hapa, ukishavuka Pangani. Nikapewa namba ya kijana mmoja anayepanga safari. Jina lake silitaji humu. Tukakubaliana 850,000 kwa siku mbili na usiku mmoja: gari, chakula, mpishi, mahema mawili, boti ya Mto Wami, na kupita ufukwe wa Madete kusikiliza habari za kasa. Tulikuwa sita: mimi, mama watoto, mama mkwe wangu na watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 4. Nikatuma hela yote kwa simu kabla ya safari. Hilo ni kosa langu na nalikubali.

Na Saadani sina ugomvi nayo, nieleweke. Kivuko cha Pangani tulivuka asubuhi, tukapita Mkwaja, na haukupita muda tukaona twiga watatu wanakula migunga. Huyu wa miaka 8 alinyamaza kabisa, yeye ambaye nyumbani hanyamazi. Tukaona ngiri wanakimbia mikia juu, kuro, na nyani wengi mno. Mama mkwe, ambaye amezaliwa Pangani na hajawahi kuingia humo hata siku moja, alikuwa anashangaa kuliko watoto.

Boti ya Wami hatukupanda. Tuliambiwa muda umekwisha. Madete ndiyo iliyoniuma, kwa sababu mwanangu alikuwa na daftari lake ameshaandika maswali: kwa nini kasa anataga usiku, na kwa nini anafukia mayai mchangani halafu anarudi zake baharini bila kusubiri. Hakumpata hata mtu mmoja wa kumuuliza. Haya, hayo ni ya hela, yanavumilika.

Yasiyovumilika yalianza jioni kambini. Kijana hakubeba mkaa. Hifadhini huruhusiwi kuokota kuni, na mtu anayefanya biashara hii analijua hilo kuliko mimi. Yeye akafanya nini? Akamwambia binti yangu wa miaka 11, "Hebu nenda pale nyuma ukatuletee vijiti." Pale nyuma ni vichaka, jua linazama, na mchana tumepita nyayo za nyati si mbali na hapo. Mimi nilikuwa nahangaika na mahema. Aliyemwona mtoto anaingia kichakani ni bibi yake, akapiga ukelele mpaka nikaangusha nguzo niliyoshika. Binti alikuwa ameshafika kama hatua thelathini.

Mahema sasa. Moja zima, la pili zipu imekufa. Si imelegea, imekufa: meno yameng'oka kuanzia katikati mpaka chini, na mtu ametoboa matundu mawili kwenye turubai akapitisha ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli ili afunge. Mpira wenyewe umekauka, umepasuka pasuka. Maana yake alijua. Alikaa kwake akakata ule mpira, akatoboa turubai, akakunja hema, akaja kulikodisha kwa familia yenye mtoto wa miaka minne. Nilitaka kulala humo mimi, mama mkwe akakataa, akasema yeye na wajukuu wakubwa wawili watajibana upande wa ndani.

Tukala wali usioiva vizuri. Tukalala.

Saa nane usiku mama mkwe akaniita kwa sauti ya chini sana, "Baba, baba, kuna kitu." Nikawasha tochi. Ukuta wa hema lao, ule upande wa miguuni, ulikuwa unabonyea kwenda ndani, unaachiwa, unabonyea tena. Pumzi yake nilikuwa naisikia. Nikapiga sufuria kwa mwiko, kikaondoka, na hatua chache gizani kikatoa ule mlio wa fisi ambao hahitaji mtu kuambiwa ni wa nani. Watoto wakaanza kulia wote kwa pamoja.

Nilipoingia kuwatoa ndipo nikaipata sababu. Kwenye kona, chini ya kanga ya mama mkwe, kulikuwa na ndoo ya vibua tulivyonunua Pangani. Haina mfuniko. Mpishi aliisogeza humo walipokwisha lala, kwa sababu boksi la barafu halifungi na yeye aliogopa nyani wasije wakaiba asubuhi. Aliogopea samaki! Fisi ananusa mzoga kutoka mbali, wewe unamwekea ndoo ya samaki miguuni mwa watoto, ndani ya hema lisilofungwa.

Na wao wawili walikuwa wapi? Ndani ya gari, vioo juu, wamelala. Niligonga mpaka mkono ukauma. Kuondoka usiku huo haikuwezekana, maana gari haliruhusiwi kutembea hifadhini usiku. Tukakaa sita ndani ya gari mpaka kunapambazuka, mdogo amelala kifuani kwangu ananishika sikio.

Asubuhi askari wa uhifadhi walipita, wakatusikiliza kwa heshima zote. Mmoja alipoiona ile ndoo alitikisa kichwa tu. Akatueleza kwamba tungeweza kuomba askari mwenye silaha awe nasi kambini. Yule kijana hakuwahi kutuambia neno hilo hata mara moja.

Nimempigia mara nne kudai nusu ya hela. Jibu lake la mwisho, nalinakili: "Mzee, mbona mlirudi salama?"

Hivi ndivyo anavyopima kazi yake. Mtoto asipoliwa, deni halipo. Binti yangu mpaka leo halali taa ikizimwa, na yule wa miaka 8 daftari lake la kasa amelisukumiza chini ya kitanda, hataki niguse habari hizo. Nilitaka wapende pori. Walishaanza kulipenda, niliwaona kwa macho yangu pale kwa twiga.

Anayejua pa kulipeleka lalamiko la namna hii hapa Tanga anielekeze, nitashukuru. Mwenye mpango wa safari ya Saadani anifuate faragha nimpe namba ya kuiepuka. Na wewe kijana, najua unasoma humu: lile hema liko stoo kwangu, mpira wako bado umefungwa vile vile. Leta 425,000 uje ulichukue.